Kisu cha Jirani

Mchungaji wa Kilutheri afikwapo na msiba nyumbani kwake huko Mkonze, au aozapo mwanawe, na ng'ombe akafungwa chini ya mwarobaini akingoja kuchinjwa, ni nani atakayeshika kisu? Swali hili laweza kumchekesha mtu asiyekaa Tanzania. Kwa akaaye, si la kuchekesha hata kidogo. Desturi iliyoenea karibu nchi nzima ni kwamba mnyama atakayeliwa na watu wa dini mbalimbali huchinjwa na Mwislamu. Basi mchungaji huyo, ambaye Jumapili husimama madhabahuni akikiri kwamba wokovu umo katika Kristo peke yake, siku ya Jumamosi humtuma kijana kwa jirani, seremala au mwenye duka, amwombe aje kuchinja. Jirani huja, humlaza mnyama akamwelekeza Kibla, hutaja jina la Mungu, hukata. Kisha watu wote hula.

Je, hapo mchungaji ameonyesha heshima au ameonyesha woga? Na lau angekataa, akachinja mwenyewe au akamwita mzee wa kanisa achinje, angekuwa ameitetea imani yake au angekuwa ameitia aibu? Watu wengi hujibu upesi, kila mmoja kwa upande wake, na upesi huo ndio unaoonyesha kwamba swali halijatazamwa.

Mkonze ni mahali pafaapo kuliulizia. Ni kata ya Dodoma, katika nchi ya Wagogo, wafugaji na wakulima wa mtama na uwele, ambao kwao ng'ombe ni mali, ni mahari, ni kafara, na ni lugha ya kuzungumzia takriban kila jambo zito. Ukristo uliotangulia kushika mizizi Ugogo ni wa Kianglikana. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870. Ulutheri wa nchi ya kati ulikuwa na ngome yake zaidi upande wa Singida, na Dodoma ulikuzwa kwa sehemu kubwa na watu waliohamia: makarani, walimu, wanafunzi, watu wa reli, wafanyabiashara kutoka Kilimanjaro, Iringa, Kagera na Singida yenyewe. Uislamu nao ulipita na misafara ya biashara, kisha ukakaa na reli, iliyofika Dodoma mwaka 1910. Kwa hiyo mara nyingi mchungaji na jirani yake Mwislamu wote wawili ni wageni au watoto wa wageni, wakiishi juu ya ardhi ya watu ambao babu zao walimwomba Mulungu mvua kwa njia nyingine kabisa.

Tena Mkonze ya leo si kijiji cha jana. Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na zaidi tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhama kweli, mji umekuwa ukienda nje na mashamba ya pembezoni yakigeuka viwanja. Watu wamejenga karibu karibu bila ya kuwa na bibi mmoja wala kisima kimoja. Katika kijiji cha zamani hakuna aliyeuliza ni nani achinje. Ilijulikana, kama ilivyojulikana ni nani apige ngoma. Penye viwanja vipya hakuna kinachojulikana, na kila desturi yabidi iamuliwe upya na watu wazima wenye akili zao, wengine wakiwa wametoka mahali ambapo mambo yalikwenda vibaya.

Mjini Dodoma penyewe dini zimechanganyika machoni kabla ya kuchanganyika mioyoni. Kanisa kuu la Kianglikana lina kuba ambalo mgeni angeweza kuapa kuwa ni la msikiti. Kanisa kuu la Kilutheri limesimama karibu nalo, zito, lisilojali mapambo. Na kituo cha daladala ambacho kwa miaka mingi watu wa dini zote walipandia magari kiliitwa Jamatini, jina litokanalo na jamatkhana ya Maismailia. Bibi wa Kikristo atokaye sokoni na kikapu chake alisema "nashukia Jamatini" bila ya kuwaza kwamba ametaja nyumba ya ibada ya watu wengine. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyoishi na dini ya jirani: wanaitaja kila siku, na hawajui kwamba wanaitaja.

Kazi ya mchungaji katika mahali kama hapo ina nyuso mbili. Uso mmoja ni wa ndani ya usharika: ubatizo, darasa la kipaimara, Chakula cha Bwana, kuzungukia mitaa, kusikiliza ndoa zinazovunjika, kusimamia hesabu za mavuno na kuzika. Uso wa pili hauandikwi katika barua ya wito. Mchungaji huitwa kwenye kamati ya shule ambayo nusu ya wazazi wake ni Waislamu. Hukaa katika kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa, ambamo michango haiulizi dini. Hukabidhiwa fedha za msiba wa mtu aliyekuwa hajawahi kukanyaga kanisani. Siku hizi huo uso wa pili umepewa jina, mahusiano ya dini mbalimbali, na umepewa pia mikutano yenye mabango na chakula cha mchana, ambapo shehe na askofu hushikana mikono mbele ya kamera. Mikutano hiyo haidharauliki. Lakini maneno yake ni mepesi mno. Huko husemwa kwamba dini zote zinahimiza amani, kwamba Mungu ni mmoja, kwamba tofauti ni ndogo. Mchungaji mwaminifu hawezi kulisema hilo la mwisho bila ya kudanganya, na shehe mwaminifu pia hawezi. Tofauti yao ni kubwa kuliko zote ziwezekanazo: mmoja aamini kwamba Mungu alizaliwa, mwingine aamini kwamba kulisema hilo ni kosa la kutisha.

Na hapa ndipo msomaji anapoombwa kusimama kidogo. Lau dini zingekuwa sawa, kumwita jirani achinje kusingekuwa na thamani yoyote. Mtu hamheshimu mwenzake kwa kukubaliana naye. Hapo hajalipa kitu. Heshima huanza pale ambapo mmoja asadiki kwamba mwenzake amekosea katika jambo lililo kubwa kuliko yote, na bado akampangia meza kwa namna ambayo mwenzake ataweza kula. Mchungaji wa Mkonze, basi, si mtu wa imani legevu. Ni kwa sababu imani yake haikulegea ndipo ile kazi ya kumtuma kijana kwa jirani inapokuwa tendo na si mazoea.

Iko sababu nyingine, ya zamani zaidi, na wapenzi wa lugha wa pwani wana haki ya kuidai. Mchungaji wa Kilutheri wa kwanza kukaa katika pwani ya Waswahili alikuwa Johann Ludwig Krapf, mtoto wa mkulima wa Württemberg, aliyetumwa na CMS ya Kiingereza kwa kuwa Waingereza wenyewe walikuwa na upungufu wa watu. Alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huo huo mkewe Rosine akafa, na mtoto wao mchanga akafa, wakazikwa ng'ambo ya kisiwa. Na mwaka huo huo, tangu mwezi Juni, kabla ya kufiwa, Krapf alikuwa ameanza kuifasiri Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, mwenyeji wa Barawa, mtu wa elimu aliyekuwa na cheo cha kadhi Mombasa. Krapf alikuja kumwambia shehe huyo kwamba dini yake haitoshi. Na hakuweza kuanza kumwambia hivyo bila ya shehe kumfundisha maneno. Ni nini kilichomfanya kadhi akubali? Yumkini ni udadisi wa mwanazuoni, yumkini ni adabu ya pwani kwa mgeni. Almuradi alikubali, na sura za mwanzo za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847.

Deni lile halikulipwa hadi leo, na linazidi kila Jumapili. Walutheri hujulikana kwa nguzo zao tatu: neema peke yake, imani peke yake, Maandiko peke yake. Hebu msomaji azipime kwa sikio. Neema ni neno la Kiarabu lililopita misikitini na madrasani kabla ya kufika kanisani. Imani ni vilevile. Ni Maandiko tu yaliyo na mzizi wa Kibantu, na hata hayo, yakitajwa kwa jina la Injili, hurudi kuleee. Toba, rehema, dhambi, ibada, sala, baraka, malaika, nabii, sadaka: mwinjilisti wa Mkonze akiyatoa yote hayo katika hotuba yake atabaki na vitenzi na vihusishi. Husema kweli ya Kikristo kwa kinywa kilichofunzwa na Waislamu. Hilo halimfanyi awe Mwislamu, kama ambavyo mtu anayekunywa kwa kikombe cha kuazima hawi mwenye kikombe. Lakini lamkataza jambo moja, nalo ni kujidai kwamba alikuja kwa jirani yake akiwa na mikono iliyojaa na jirani alikuwa na mikono mitupu.

Ni lazima hata hivyo kuwa na hadhari, kwani kujua maneno na vitabu vya mwenzako si sawa na kumheshimu. Luther mwenyewe ni ushahidi. Wenye mamlaka wa Basel walipoizuia tafsiri ya Kurani kwa Kilatini isichapishwe, aliwaandikia kuwataka waiachie, na ilipotoka mwaka 1543 ilikuwa na utangulizi wake. Aliitaka isomwe ili ikanushwe. Walakini aliitaka isomwe, na kwa wakati ule halikuwa jambo dogo. Mwaka huo huo wa 1543 alitoa kitabu juu ya Mayahudi ambacho ni aibu kukisoma, na ambacho Fungamano la Walutheri Duniani lililazimika kukikana hadharani katika karne ya 20. Kalamu ni moja, mwaka ni mmoja.

Na kwa wapenda ushairi mfano ulio karibu zaidi, na unaouma zaidi, ni Ernst Dammann. Alikuja Tanga mwaka 1933 akiwa mchungaji wa misheni ya Bethel. Aliupenda ushairi wa Kiswahili kwa mapenzi ya kweli. Alikwenda Lamu, akakaa na Muhamadi Kijuma, mshairi na mwandishi mwenye hati nzuri kupita wote, akakusanya tenzi na kasida ambazo nyingine yumkini zingepotea, na mwaka 1940 akazitoa Hamburg katika kitabu kikubwa cha tungo za lahaja ya Lamu. Kila anayezisoma tenzi zile leo ana deni kwake. Na mtu huyo alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi tangu kabla ya kufika Afrika. Alikaa na mzee wa Lamu, akisikiliza sifa za Mtume neno kwa neno, akasahihisha irabu, huku akiwa mfuasi wa siasa iliyomhesabu mzee yule kuwa kiumbe duni. Mtu aweza kuipenda tungo na asimpe mtunzi nafasi ya ubinadamu. Wafasiri wanalijua hilo, japo hawapendi kulisema.

Basi ikiwa kukubaliana siyo heshima, na kujuana siyo heshima, inabaki kuuliza ile ya kisu ni nini hasa. Wanafalsafa wa Kilutheri walikwisha kubishana juu ya jambo la namna hii bila ya kumwona ng'ombe wa Ugogo. Mwaka 1548 Kaisari Karolo wa Tano, aliyekuwa amewashinda vitani watawala wa Kilutheri, aliwaamuru warudishe baadhi ya taratibu za zamani za ibada. Melanchthon, rafiki wa Luther na mtu mpole, alisema kwamba mengi katika hayo hayana uzito: mavazi, nyimbo, siku za kufunga. Wakayaita adiafora, yaani mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza, na mtu aweza kuyafanya au kuyaacha kwa ajili ya amani. Matthias Flacius, kijana aliyetoka pwani ya Adriatiki, akamjibu kwamba neno hilo ni sahihi siku zote isipokuwa siku moja: siku ambayo unalazimishwa. Jambo dogo likidaiwa kwa nguvu, ili lionekane kuwa ni wajibu, hapo si dogo tena. Ubishi ulidumu miaka mingi, na mwaka 1577 Walutheri walipoandika mapatano yao waliliweka wazo hilo katika kifungu cha kumi: pasipo kulazimishwa, toa, ukilazimishwa, usitoe, hata kama kitu ni kile kile.

Wazo hilo halikubaki Ujerumani. Mwaka 1977 Fungamano la Walutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, mkutano ambao ulimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wake. Hapo hapo walisema juu ya ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika kwamba si suala la siasa ambalo Wakristo waweza kutofautiana kwa amani; imefika hali ya kukiri imani au kuikana. Ni mantiki ya Flacius, imevaa suti ya karne ya 20.

Mantiki hiyo ikiletwa Mkonze, jambo hufunguka. Ni nani anayemkata ng'ombe shingo ni adiafora tupu kwa Mkristo. Paulo alikwisha kuwafundisha Wakorintho kwamba nyama haimsogezi mtu kwa Mungu wala haimtengi naye, na kwamba mwenye dhamiri yenye nguvu amtazame yule ambaye dhamiri yake inajeruhiwa. Mchungaji, basi, akiwa huru kabisa, huutumia uhuru wake kwa kuuacha. Hapoteza kitu, na jirani apata kula. Lakini serikali ikisema, au umati ukisema, kwamba ni lazima achinje Mwislamu na mwingine akichinja atakiona, zawadi ile inafia mkononi. Mchungaji hawezi tena kumpa jirani yake kitu ambacho amekwisha nyang'anywa. Ajabu ni kwamba aliyepoteza zaidi hapo ni jirani, kwani nyama anayoila sasa inatoka katika kutii amri, na ile iliyotoka katika mapenzi hataionja tena.

Hayo si ya kufikirika. Mwanzoni mwa mwaka 2013, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, baadhi ya Wakristo walianza kuchinja wenyewe na kuuza buchani. Waislamu waliona desturi ya miaka mingi inavunjwa na nyama inayouzwa hadharani haijulikani tena ni halali kwa nani. Baadhi ya viongozi wa serikali walisema desturi iendelee kama ilivyokuwa. Mwezi Februari, Buseresere, mkoani Geita, palizuka mapigano, na mchungaji mmoja wa Kanisa la Assemblies of God akauawa. Mtu aliyekuwa na mke na waumini alikufa kwa ajili ya ni nani ashike kisu. Siku hizo hizo visiwani hali ilikuwa mbaya kwa sababu nyingine: Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga wa Ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali, na Februari 2013 Padre Evarist Mushi akapigwa risasi mlangoni mwa kanisa. Aliyemwagiwa na aliyepigwa walikuwa wa dini mbili tofauti, jambo ambalo lingetosha kuwanyamazisha wanaosema kwamba upande mmoja tu ndio unaoumia.

Sasa ni haki kuutazama upande wa jirani, kwani Wakristo wengi hudhani kwamba Mwislamu hukataa nyama yao kwa kiburi. Huuliza: je, Kurani yenyewe, katika Sura ya al-Maida, haikukihalalisha chakula cha waliopewa Kitabu? Imekihalalisha. Mwaka 1903 Muhammad Abduh wa Misri, alipoulizwa na Waislamu wa Transvaal waliokuwa wachache kati ya Wakristo, alijibu kwamba waweza kula. Lakini pwani ya Afrika Mashariki ni nchi ya Shafi, na katika vitabu vya madhehebu hiyo, Minhaj ya Imam Nawawi miongoni mwavyo, liko sharti: asiyekuwa wa ukoo wa Israili huhesabiwa kuwa mtu wa Kitabu, kwa mambo ya ndoa na ya kuchinja, iwapo wazee wake waliingia katika dini hiyo kabla haijafutwa. Mgogo aliyebatizwa na babu yake aliyebatizwa mwaka 1905 hawatimizi sharti hilo, wala Mchaga, wala Mhaya. Wako mashehe waliolegeza na wako waliokaza. Lakini aliyekaza hajamtukana mtu. Amesoma kitabu chake kwa uaminifu, kama mchungaji anavyotakiwa asome chake. Jirani wa Mkonze, ambaye pengine hajawahi kuliona jina la Nawawi limeandikwa, amerithi matokeo ya hoja hiyo katika koo lake. Nyama isiyo ya kisu anachokijua haipiti. Kumlazimisha dhamiri kwa aya ya kitabu chake mwenyewe ni utovu wa adabu, hata kama aya imenukuliwa sawasawa.

Hata hivyo lalamiko la Mkristo lina uzito wake, na wanaolipuuza hufanya kosa. Zawadi inayokwenda upande mmoja siku zote, mwaka baada ya mwaka, huanza kunuka ushuru. Mkristo atoa kisu. Mwislamu atoa nini? Tena pale ambapo kuchinja ni kazi yenye ujira, machinjioni na mabuchani, desturi ya upole huwa pia mlango wa riziki uliofunguliwa kwa wengine na kufungwa kwa wengine. Hapo mchungaji akihubiri upole tu, bila ya kulitaja hilo, atakuwa anawaambia maskini wake waendelee kulipia adabu ya watu wote.

Jibu lililo karibu na kweli ni kwamba vitu viwili hivi havipimwi kwa mizani moja. Kwa mmoja, kisu ni suala la desturi. Kwa mwingine, ni suala la dhamiri. Hakuna dhuluma katika kumwomba mwenye desturi amwachie mwenye dhamiri, maadamu aombwe, na maadamu mwenye dhamiri ajue kwamba ameachiwa. Hilo la pili ndilo linalokosekana mara nyingi. Waislamu wengi huchinja katika msiba wa Mkristo wakiamini kwamba wanatenda hisani, nao wanaitenda kweli, wameacha kazi zao wakaja. Ila hawajawahi kufikiri kwamba hata wao wanatendewa. Na Mkristo hudhani yeye peke yake ndiye mtoaji, akasahau ni nani aliyekuwa ndani ya kaburi na jembe kabla ya jeneza kufika, na ni nani aliyekaa nje ya kanisa juani kwa saa mbili za ibada asiyoifuata, kwa kuwa ndani hakujiona kuwa na ruhusa na nyumbani hakuona kuwa na haki ya kubaki.

Mpaka nao uko, na ni vizuri ujulikane. Dodoma ni nchi ya zabibu, zilizoletwa na mapadre wa Kikatoliki, na Waislamu wapo wanaolima na wanaochuma. Mchungaji aweza kumwomba jirani yake kisu. Hawezi kumwomba amkamulie divai ya Chakula cha Bwana. Ombi la kwanza linampa jirani nafasi ya kuwa yeye zaidi, la pili linampunguza. Wala jirani hatamwomba mchungaji asimame nyuma ya imamu ili kuonyesha upendo. Wote wawili wanaujua mpaka huo bila ya kuandikiwa, na hiyo ni elimu kubwa kuliko azimio la mkutano wowote.

Liko jambo moja ambalo kanuni za Kilutheri hazikuliwazia, nalo linatokana na utaratibu wa kazi yenyewe. Wachungaji huhamishwa. Mtu akaa usharikani miaka saba au kumi, akajua ni mlango upi wa kubisha, akajua kwamba jirani yule hawezi kuitwa Ijumaa mchana na kwamba mkewe yuapenda kuambiwa mapema ili naye aje na sufuria yake. Kisha barua ya dayosisi hufika, naye hupakia vyombo kwenye lori akaenda Kondoa au Manyoni. Anayekuja baada yake hukuta desturi imekaa kama kiti sebuleni. Hajui kama ni zawadi au ni amri, kwa kuwa kwa macho vyote viwili hufanana: ng'ombe yule yule, Kibla ile ile, kisu kile kile. Akiwa ametoka mahali ambapo watu walipigana, ataona amri. Akiwa mpenda raha, ataona mazoea. Wazee wa kanisa hawatamweleza, kwani na wao hawakuelezwa. Na siku ya msiba wake wa kwanza, usiku, watu wakiwa wamejaa uani na ng'ombe amekwisha letwa, mmoja wao atamsogelea na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Mchungaji, tumwite mzee, au tufanyeje?" Naye atakuwa na muda mfupi sana wa kujibu, na jirani, upande wa pili wa ukuta, atakuwa amekwisha sikia ng'ombe akilia, amekwisha kunoa kisu, na amekaa kwenye kibaraza chake akingoja kuitwa.